Tukutane kwa Mbwa

Mimi nimerudi salama, nashukuru Mungu. Na wale mlioniuliza "mhariri kapotelea wapi mwezi mzima", jibu lenu ni kwamba kweli nilipotea. Nilipotea Tokyo, ndani ya stesheni ya treni, saa kumi na moja jioni, nikiwa na yeni 1,200 mfukoni, simu isiyo na intaneti na mume niliyekuwa nimemnunia. Kaeni vizuri niwasimulie.

Naanzia nyumbani, kwenye gari letu. Kama na wewe unaendesha gari lililotumika Japani kabla ya kushushwa bandarini Dar, huenda unamjua yule dada. Unawasha gari, hata mkanda hujafunga, anaanza. Sauti tamu ya adabu, maneno ya Kijapani ya harakaharaka, kisha kimya. Sisi ametusemesha miaka mitatu. Zamani shemeji yenu alikuwa anamjibu, "Na wewe pia, dada," mimi nacheka, tunaondoka zetu. Lakini mwaka 2025 ulipofika katikati, dada akawa anaongea na hakuna anayemjibu.

Hatukugombana, jamani. Ungesoma ujumbe kwenye simu zetu ungedhani ni mwenye nyumba na mpangaji wake. "Gesi imeisha." "Ada umelipa?" "Nachelewa, kuleni." Basi. Usiku kila mtu na simu yake. Kisha nikaanza kuona simu ya mwenzangu inalazwa kifudifudi. Ikilia, anatoka nje barazani kupokea. Nikiuliza nani, "Kazini." Wanawake wenzangu mnajua akili inavyokimbia hapo.

Na mjue ni mimi huyuhuyu ninayewashauri kila mwezi kwamba mawasiliano ndiyo kila kitu kwenye ndoa. Nina digrii ya hayo mawasiliano, imetundikwa sebuleni kwangu, kwenye fremu.

Mwezi wa kumi ofisi ya shemeji yenu ikampeleka Tokyo kwa mafunzo ya wiki nne. Nikapiga hesabu. Nilikuwa na likizo yangu, sijawahi kuvuka mpaka hata wa Namanga, na tulikuwa na akiba ya kujenga uzio wa kiwanja chetu Kibaha. Nikamwambia nataka kuja wiki yako ya mwisho, nitumie hela ya uzio. Akanyamaza, halafu akasema, "Kama umeamua, sawa."

Mimi nikasikia: hakutaki huyo. Kwa hiyo nilipopanga foleni ya viza, nilipompeleka mtoto Tanga kwa bibi yake, watu wakaniambia hongera unakwenda kula bata, moyoni nilikuwa na safari nyingine kabisa. Nilikuwa nakwenda kuitazama sura yake akiniona natokea. Nikasema, pale pale uwanja wa ndege nitajua.

Kimya cha Wajapani

Dar hadi Doha, Doha hadi Narita, na saa inaruka mbele saa sita. Nimetoka nje miguu imevimba kama mihogo, namwona kasimama kashika koti la kike mkononi. Nikatazama uso. Akasema, "Umefika. Vaa, nje baridi." Akachukua begi, akatangulia.

Sasa hapo nisome nini? Kanunua koti, lakini hata hajaniuliza safari.

Tukapanda treni ya kuingia mjini. Nina maneno tumbo zima, nikafungua mdomo, shemeji yenu akaninyooshea kidole kwenye tangazo: usiongee na simu humu ndani. Nikatazama behewa. Limejaa, na hakuna sauti. Watu wamesimama bega kwa bega, wengine wamelala wameketi wima, na wakifika stesheni yao wanaamka wenyewe kama wameguswa. Sisi tuliozoea konda anapiga kelele, redio inapiga kelele na jirani anasimulia kesi ya dada yake, tulikaa saa nzima kimya. Nikasema moyoni, nimetoka kwenye kimya cha Tabata nimekuja kukutana na kimya cha Wajapani.

Lakini mji wenyewe, jamani! Tokyo na miji iliyoshikana nayo ina watu karibu milioni 37. Dar es Salaam yetu, kwa sensa ya 2022, ilikuwa na watu milioni 5.4. Piga hesabu mwenyewe. Na pamoja na wingi huo, foleni imenyooka, karatasi barabarani hakuna, na wala mapipa ya taka huyaoni. Mengi yaliondolewa baada ya shambulio la gesi ya sumu kwenye treni mwaka 1995. Takataka yako unaiweka kwenye mkoba hadi nyumbani. Siku ya kwanza nilizunguka na ganda la ndizi mchana kutwa.

Magari yanapita kushoto kama kwetu, na nilikuwa nikiyaona mapya yale tunayoyaona Kariakoo yakiwa wazee. Kila Hiace ikipita nilitaka kuisimamisha. Dukani pesa humpi mtu mkononi, unaiweka kwenye kisahani. Bakshishi hawataki, ukiacha hela mezani wanakukimbiza nayo nje. Na choo! Choo kina vitufe kama rimoti ya king'amuzi. Nilibonyeza cha kwanza maji yakanirukia, cha pili ukaanza muziki. Cha kusukuma maji nilikikuta ukutani, baada ya kusoma dua zote ninazozijua.

Chakula nilikiogopa kwa sababu ya nguruwe, lakini wale vijana wa maduka ya saa ishirini na nne wana subira. Mmoja alitoa simu yake, akaandika, ikatafsiri, akanichagulia wali wa pembetatu uliofungwa kwa jani la baharini, ndani samaki. Karatasi yake imeandikwa namba 1, 2, 3, ufungue kwa utaratibu huo. Nilianza na 3, wali ukaenda kivyake na jani kivyake. Siku ya Ijumaa tukaenda kuswali msikiti wa Tokyo Camii, karibu na stesheni ya Yoyogi-Uehara. Msikiti wa kwanza pale ulijengwa 1938 na Watatari waliokimbia Urusi, na huu wa sasa, wenye mtindo wa Kituruki, ulifunguliwa mwaka 2000. Nilipotoka nje nikajisikia nimepumua kwa mara ya kwanza tangu nifike.

Mbwa wa Shibuya

Siku ya pili shemeji yenu alinipeleka Shibuya, kwenye ile njia panda maarufu ambayo taa za magari zote zinakuwa nyekundu kwa pamoja, na watu wanavuka pande zote kama siafu waliomwagiwa maji. Pembeni yake, nje ya stesheni, kuna sanamu ya mbwa.

Anaitwa Hachiko. Bwana wake alikuwa profesa wa chuo kikuu, Hidesaburo Ueno, na jioni mbwa alikuwa akienda stesheni kumpokea anaporudi kazini. Mwezi Mei 1925 profesa akafia kazini ghafla. Mbwa akaendelea kwenda stesheni karibu miaka kumi, hadi naye akafa mwezi Machi 1935. Sanamu ya kwanza ilisimamishwa 1934, mbwa mwenyewe bado yu hai. Ikayeyushwa wakati wa vita kwa ajili ya chuma, hii ya sasa ni ya 1948. Wakazi wa Tokyo wakiahidiana kukutana Shibuya, wengi wanasema tu: kwa Hachiko.

Shemeji yenu akaniambia, "Simu yako haina intaneti. Tukipotezana popote, njoo hapa. Tukutane kwa mbwa."

Nikamjibu, "Mimi siyo mtoto." Nikapiga picha, nikageukia vipodozi.

Nilisimama makusudi

Siku ya nne tukapanda kwenye jengo la serikali ya jiji la Tokyo, pale Shinjuku. Ghorofa ya 45, mita 202 kutoka chini, na kupanda ni bure, jambo zuri kwa mtu anayekula hela ya uzio. Tulipata bahati, anga ilikuwa safi. Jua likizama, mlima Fuji ukatokea mbali, mweusi, kama ulichorwa kwa penseli. Chini taa zinawaka hadi macho yanapoishia. Nikageuka nimshike mwenzangu mkono.

Hayupo. Yuko kule dirisha la mwisho, kanipa mgongo, simu sikioni, mkono umefunika mdomo. Dakika kumi.

Aliporudi nikauliza, "Nani?"

"Kazini."

"Kazini saa kumi jioni?"

"Dar ni saa nne asubuhi."

Ilikuwa kweli, na ndiyo iliyonikasirisha zaidi. Nikamchunia. Tukashuka, tukatembea hadi stesheni ya Shinjuku, yeye mbele mimi nyuma, hakuna neno. Stesheni hiyo Guinness wameitambua kuwa ndiyo yenye abiria wengi kuliko zote duniani, na ina milango zaidi ya 200 ya kutokea. Tuliingia saa ambayo maofisi yanatoka. Hebu fikiria watu wa Mkapa siku ya Simba na Yanga, wote wamevaa makoti meusi, wote wana haraka, na hakuna anayepiga kelele.

Sasa nisikilizeni, kwa maana hili sikumwambia mtu hata shoga zangu. Sikupotezana na mume wangu kwa bahati mbaya. Nilisimama makusudi. Nilitaka ageuke. Nikasema, akigeuka ndani ya hatua tano, ndoa ipo. Nikahesabu. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Mgongo wake unakwenda. Sita. Saba. Kisha wimbi la watu likapita katikati yetu, na lilipoisha hakukuwa na mgongo.

Nilikimbia. Nikaita jina lake, sauti yangu ikawa peke yake kwenye ukumbi mzima, watu wakanipisha kwa adabu. Nikapanda ngazi, nikatokea barabara nisiyoijua. Nikarudi, nikatokea kwenye duka la keki. Maandishi yote yananitazama tu. Intaneti yetu ilikuwa kwenye kile kidude chenye chaji mfukoni kwa shemeji yenu. Hapo ndipo kiburi kikatoka, machozi yakaanza. Mtu mzima, mhariri, nalia mbele ya keki.

Bibi mmoja mwenye kimo cha mtoto wa darasa la nne akasimama. Akasema maneno, sikuelewa. Nikasema neno pekee nililokuwa nalo. "Hachiko."

"Aa, Hachiko! Shibuya!" Akanishika mkono wa koti, akanipeleka hadi kwenye alama ya kijani, mstari wa Yamanote, akainama, akaenda zake. Toka Shinjuku hadi Shibuya kwa mstari huo ni stesheni tatu, dakika kama saba. Lakini nilipofika juu kulikuwa na treni mbili, ya huku na ya kule. Nikaingia iliyofika kwanza.

Ilikuwa ya kule.

Niliona stesheni inapita, mbili, tano, Shibuya haiji. Nikamwonyesha mwanafunzi mmoja: "Shibuya?" Akatazama ramani juu ya mlango, akatabasamu, akachora duara hewani kwa kidole. Nikaelewa. Mstari wa Yamanote ni mviringo, una stesheni 30, na kuuzunguka wote ni kama saa moja. Ukikosea upande utafika tu, ila utauzunguka mji mzima kwanza.

Basi nikakaa. Hakuna wa kuongea naye, hakuna simu ya kushika, hakuna pa kukimbilia. Nikaanza kutafuta kichwani ni lini mara ya mwisho nilimwuliza mume wangu swali ambalo si la gesi, ada wala "nani huyo". Tukapita Ueno. Tukapita stesheni ya Tokyo yenyewe. Sikulipata.

"Niligeuka"

Nilimwona kabla hajaniona. Amesimama ubavuni mwa mbwa, kashika makopo mawili ya chai, yale ya kwenye mashine za barabarani yanayotoka ya moto. Shingo inazunguka kama feni. Aliponiona hakusema kitu. Alinipa kopo moja. Lilikuwa la baridi kabisa.

"Nimekuwa hapa saa moja na zaidi," akasema. "Nimekwenda pale kituo cha polisi nikawaeleza, nikarudi mbio. Niliogopa ufike usinikute."

Mimi, badala ya kusema asante, nikasema, "Hukugeuka."

"Niligeuka. Nilipogeuka hukuwepo."

Hatua ngapi? Nane? Kumi? Sikuuliza. Tukakaa kwenye ukingo, watu wanavuka na kuvuka mbele yetu, na nikamwuliza swali nililovuka nalo bahari. Nikamwambia simu zako za barazani nimezihesabu, nambie kama kuna mwanamke nijue.

Akanitazama muda mrefu. "Mwanamke? Kwa mshahara upi?"

Halafu akayatoa. Uhamisho. Tangu Julai ofisi ilikuwa inamtaka akasimamie tawi la Dodoma, kuanza Januari 2026. Zile simu zote alikuwa anawaomba wamtafutie mtu mwingine, au wasubiri. Ile ya ghorofa ya 45 ilikuwa ya mwisho: ukubali au upoteze cheo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Julai ndiyo umepewa kiti cha uhariri. Ulikuwa unaimba bafuni. Ningekuambia, ungeacha kazi unifuate, halafu ungenichukia taratibu. Au ungeniambia nisiende, halafu mimi ningekuchukia taratibu. Nikaona ninyamaze nilimalize mwenyewe."

Miezi mitano ananilinda kwa kimya, na mimi miezi mitano namsomea kesi kwa kimya hichohicho. Nilitaka kumkasirikia na nilimkasirikia, msidhani nimekuwa malaika. Kuamuliwa maisha yako na mtu anayekupenda bado ni kuamuliwa. Nikamwambia hivyo. Naye akaniambia kusimama makusudi katikati ya Shinjuku ili kumpima mtu ni utoto. Tuligombana kwa heshima, kwa sauti ya chini, Kijapani kabisa. Ilikuwa mara yetu ya kwanza kugombana kwa miezi mingi, na mwenzenu nilijisikia nafuu.

Mwisho akasema, "Halafu kuna kitu nilitaka kukuambia tangu wiki yangu ya kwanza hapa, ila kila nikishika simu nakuta gesi imeisha."

"Kitu gani?"

"Yule dada wa kwenye gari. Nilimrekodi kabla ya kusafiri, nikamchezea mwalimu wangu. Unajua anasema nini? 'Kadi haijaingizwa.' Wenyewe barabara kuu wanalipia kwa kadi unayoichomeka kwenye kile kifaa. Miaka mitatu anatuambia hatujaweka kadi."

Nilicheka hadi chai ikanitoka puani. Shibuya nzima ikanisikia.

Kwa mnaofikiria kwenda

Naona mshaanza kuhesabu akiba, kwa hiyo chukueni haya mawili matatu. Nunueni kadi ya kulipia treni, Suica au Pasmo, mkifika tu. Mnagusa mlangoni, mnapita, hata dukani inalipa. Bebeni na fedha taslimu kiasi, na mfuko mdogo wa takataka zenu. Vaeni soksi zisizotoboka, kwa maana viatu mtavuliwa sehemu nyingi. Ukipoteza kitu usikate tamaa, nenda kibanda cha polisi kilicho karibu: mwaka 2019 polisi wa Tokyo walipokea zaidi ya vitu milioni 4 vilivyookotwa. Na kila mmoja awe na intaneti yake, msifanye kama sisi. Lakini hata mkiwa nayo, kubalianeni mahali pa kukutana mkipotezana, na anayeambiwa asikilize.

Sasa sisi tumefikia wapi? Amekubali Dodoma, ameanza Januari. Mimi nimebaki Dar na kiti changu, hadi Juni, kisha tutakaa chini tena, na safari hii hakuna atakayelimaliza mwenyewe. Ijumaa jioni anapanda treni ya umeme, ile ya SGR iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024, saa kama nne yuko nyumbani. Jumapili anaondoka, na Jumapili usiku nyumba inakuwa kubwa. Sitawadanganya kwamba ni rahisi. Mtoto anauliza baba yuko kwenye simu au yuko kweli. Uzio wa Kibaha haujajengwa, jirani ameshaanza kulaza mbuzi wake pale.

Tuna sheria moja tu. Kila usiku mmoja anampigia mwenzake, na gesi hairuhusiwi kutajwa mpaka mwisho wa mazungumzo. Siku nyingine tuna dakika arobaini, siku nyingine tano na miayo.

Wiki iliyopita nilipeleka gari kwa fundi. Akasema, "Mama, kuna kidude hapa kinapiga kelele, nikichomoe?" Nikamwambia kiache. Asubuhi nawasha gari peke yangu, dada ananikumbusha kadi haijaingizwa, namjibu, "Na wewe pia, dada," naingia barabarani.

Na wewe na mwenzio, kwa mbwa kwenu ni wapi? Niandikie, nitasoma. Tukutane mwezi ujao, panapo majaaliwa.